Siku Tulipobadilishana Wajumbe

Msikiti wetu hapa Msambweni na kanisa vinatazamana, katikati ni barabara tu. Kanisa liliponunua spika mpya, kwaya ikawa inafanya mazoezi wakati uleule wa darsa ya baada ya magharibi. Imamu akaongeza sauti, kwaya nayo ikaongeza. Kisha asubuhi moja waya wa spika za kanisa ukakutwa umekatwa, na watu waliokuwa wakiamkiana miaka yote wakaanza kupitana kimya.

Sisi vijana wa dini zote mbili tulikuwa na kikundi cha mazungumzo, tukikutana Jumamosi katika darasa la shule ya msingi. Mpaka hapo tulikuwa tumeizungumzia amani kwa maneno makubwa makubwa tu. Jumamosi iliyofuata msichana mmoja wa kwaya, rafiki yangu tangu utotoni, akasema twende tukawaone wazee wenyewe, ila kwa kubadilishana: Waislamu kwa mchungaji, Wakristo kwa imamu.

Kwanza tukafanya majaribio. Yeye akawa mchungaji, akakunja uso hata nikasahau nilichotaka kusema. Mimi nikawa imamu, nikawafundisha kuvua viatu na kusubiri kukaribishwa. Mvulana mmoja alitoa shikamoo mfululizo kwa woga, naye hajafika hata mlangoni. Tulicheka mpaka mlinzi wa shule akaja kuchungulia.

Mimi na binamu yangu tulimkuta mchungaji akiwalisha kuku, amevaa kaptura. Alipotukaribisha, binamu yangu akaitikia, "Amina." Niliuma ncha ya mtandio nisicheke, lakini mchungaji alinitangulia kucheka. Nikamweleza ombi letu, kwamba mazoezi yaishe kabla ya adhana ya magharibi.

"Hilo la kelele nalielewa," akasema. "Kilichoniuma ni ule waya. Mngekuja hivi mapema, ningewakatalia?"

Sikumjua aliyeukata, ila nilimwomba radhi kwa niaba yetu sote. Akakubali ombi letu, akatufungia na mayai.

Tukavuka barabara mbio kuwapasha wenzetu habari. Tulipokaribia kwa imamu tukasikia kuimba. Nikadhani masikio yananidanganya. Barazani nusu ya kwaya ilikuwa imesimama bila viatu, inaimba kwa nguvu zote, na imamu amekaa na kikombe chake cha kahawa akisikiliza kama mtahini. Rafiki yangu alinieleza baadaye kwamba walipomwomba apunguze sauti ya darsa, alikubali upesi, kisha akawa na lake.

"Siku zote hizi nausikia wimbo wenu, nanyi mnaukatiza palepale," aliwaambia. "Hebu niambieni, unaishaje?"

Basi wakamwimbia hadi mwisho. Mkewe akatoka jikoni na kuwaambia sauti nzito zinachelewa, wakarudia tangu mwanzo.

Wimbo ulipokwisha, imamu alivaa makubadhi yake na kuvuka barabara mwenyewe. Tuliwaona yeye na mchungaji wakishikana mikono muda mrefu, mchungaji bado na kaptura yake. Kesho yake fundi akaja kuunga waya, na imamu ndiye aliyemwita.

Sisi tuliondoka pale tukicheka bila hata kujua tunacheka nini, tumeijaza njia. Dereva wa bodaboda akasimama kutuuliza harusi ni ya nani.