Kitasa Atafuta Mlinzi wa Kivinjari

Kwa miaka ishirini na sita mwanamke huyu alilinda geti la ghala la dawa, na hakupita mtu bila kuandikwa. Mkurugenzi mwenyewe alifika siku moja bila kitambulisho, akasimamishwa juani hadi katibu wake alipokuja kumtambua. Daktari mmoja alijaribu kupita kwa utani. Utani wake ukaandikwa kwenye daftari la wageni, safu ya maoni. Watu wakambatiza Kitasa, na jina likamganda hata alipostaafu, kiasi kwamba mdogo wake wa tumbo moja humwita hivyo akiwa na hasira, na "dada" akiwa na shida.

Jumatatu hiyo alimwita dada.

Mdogo mtu ana chumba cha huduma za kompyuta: mashine nne, printa moja yenye kikohozi na benchi la kungojea. Watu huja hapo kujaza fomu za kazi, za vyuo na za leseni. Wiki iliyotangulia, nesi mmoja, mteja wa siku nyingi, alikuja kuomba nafasi ya kusomea ukunga. Alijaza kurasa nane, akafika mwisho, akaona kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa TUMA MAOMBI HAPA, akabonyeza. Kumbe kitufe ni tangazo. Maombi hayakwenda popote. Kilichokwenda ni namba yake ya simu, na tangu siku hiyo hapumui, anapigiwa na watu wanaomtaka acheze bahati nasibu. Mwisho wa maombi ulikuwa Ijumaa ya wiki hii, saa tisa alasiri. Nesi alisema zamu zake zinamruhusu kurudi mara moja tu, siku hiyohiyo ya mwisho, na ikiharibika tena basi ni kungoja mwaka mzima. Alisema kwa upole, bila hata kununa. Mdogo mtu angependelea atukanwe.

Sasa uhondo wenyewe ni kwamba mashine zile zilikuwa na kizuia matangazo ndani ya kivinjari. Alikiweka mume wa mdogo mtu, bwana anayeitwa Profesa mtaa mzima kwa sababu hakuna jambo asilolijua na hakuna alilolisomea. Kitasa alimuuliza shemeji yake alikitoa wapi. Profesa akajibu, bila aibu na bila kuona sababu ya kuwa nayo, kwamba alikiona kwenye tangazo.

Kitasa akavaa miwani. Akamwomba arudie. Akarudia.

"Yaani shemeji, mwizi kapita anauza kufuli, wewe ukanunua, ukamwachia na ufunguo wa akiba."

"Kina ngao, shemeji. Ngao ya dhahabu. Na nyota elfu kumi."

"Hata mimi nilikuwa na nyota begani. Alinishonea fundi cherehani."

Wakajaribu. Kivinjari kikiwa na ngao ya dhahabu, kitufe cha kijani kinatokea. Ngao ikizimwa, kinatoweka. Mlinzi alikuwa akifukuza matangazo ya wenzake na kubandika ya kwake palepale, gundi ya yale ya kwanza haijakauka. Profesa akashauri waweke kingine chochote haraka, maana vyote ni vilevile. Kitasa akamwambia hivyo ndivyo mkewe naye alivyochagua mume. Mdogo mtu akainamia printa kuficha uso.

Siku tatu Kitasa alikalia mashine ya tatu, daftari mapajani, akisaili vizuia matangazo kama mtu anayesaili walinzi. Hakugusa kiungo chochote kinachong'aa. Alichapa mwenyewe anwani ya duka la kivinjari, herufi kwa herufi, kwa kidole kimoja. Halafu alifanya jambo ambalo, kwa kadiri ninavyojua, halijawahi kufanywa na binadamu mwingine: alisoma masharti yote, mpaka mwisho.

Wa kwanza alikuwa maarufu kupita kiasi. Kwenye aya ya kumi na moja akakiri kwamba baadhi ya wenye matangazo humlipa ili yao yapite, mradi yawe na adabu. Kitasa akaandika: *Anapokea chochote getini.* Kazi hana. Mwingine aliahidi faragha kwa herufi kubwa, halafu kwa herufi ndogo akasema hukusanya kurasa unazotembelea na kuwagawia "washirika". Mdogo mtu akauliza washirika ni akina nani. Kitasa akasema hilo ndilo swali, na kama jibu lingekuwa zuri lingeandikwa.

Aliyebaki alikuwa na sura mbaya, hana ngao wala ahadi, na hakuomba hata mchango. Hilo likamtia Kitasa wasiwasi kuliko yote: huyu anakula wapi? Tena alitaka ruhusa ya kuona kila ukurasa. Profesa akadakia kwamba huyo sasa ndiye mbeya.

"Mlinzi asipofungua mkoba atajua nini kimo?" Kitasa akamjibu. "Mimi nataka kujua akishaona anamwambia nani."

Akafuatilia. Akakuta msimbo wa kile kizuia matangazo, yaani mistari yote inayokiendesha, umewekwa hadharani, na wajuzi wasiojuana wameukagua miaka mingi, wakigombana na mtengenezaji juu ya kila mstari, naye akiwajibu kwa hasira lakini akirekebisha. Mtengenezaji alisema alikiunda kwa matumizi yake mwenyewe, na fedha za watu hataki. Kitasa alisoma ule ugomvi jioni mbili, akicheka peke yake. Alinakili jina la mtengenezaji kwa makini, maana lile duka lilikuwa na vizuia matangazo vinne vyenye jina linalofanana, akakiweka kwenye mashine zote mahali pa ngao ya dhahabu, na akaandika daftarini: *Kukagua kila Jumatatu. Asije akauzwa.* Hilo hakulisoma popote. Ghala lake liliwahi kuuzwa, na wenye mali wapya wakamwambia lori la usiku lisiandikwe. Aliliandika. Wakamhamishia geti la nyuma, lisilopitwa hata na paka, akalilinda miaka miwili kama ikulu.

Ijumaa saa nane na nusu nesi alikuja na sare yake. Akajaza kurasa nane. Ukurasa wa mwisho ukafunguka mweupe, hauna kitufe hata kimoja.

Profesa alishasimama. "Si nilisema? Toeni hilo dubwana, muda unakwisha."

Kitasa hakumtazama. Alimwomba nesi barua ya chuo, akalinganisha anwani iliyochapwa kwenye barua na iliyo juu ya kioo, herufi moja baada ya nyingine, huku mdogo wake akitafuna kucha. Zikalingana. Ndipo akamzima mlinzi kwa tovuti ile moja tu. Kikatokea kitufe kidogo cha kijivu, ambacho mlinzi alikidhani tangazo, kama kinachoomba radhi.

"Hiki kibaya hivi ndicho chenyewe?" nesi akauliza, kidole hewani.

"Ndicho, mwanangu. Bonyeza."

Namba ya maombi ikatokea. Printa ikakohoa, ikaitoa. Nesi aliishika kwa mikono miwili, akaisoma mara tatu, akaketi kwenye benchi akasahau kwamba ana zamu.

Kitasa akafungua daftari. Akaandika jina la tovuti, saa ya kuingia, shughuli, akamwasha mlinzi tena, akaandika saa ya kutoka. Kisha akamgeuzia Profesa ukurasa, atie sahihi kama shahidi. Profesa akatia.