Msukuma vitanda na chai aliyokunywa asubuhi ile

Saa mbili na nusu asubuhi, Breki amekaa chini ya simu ya ukutani wodini, mablanketi mawili mapajani, anasubiri ilie. Anainama, anagusa gurudumu moja moja la kitanda kwa kidole gumba, kisha anamtazama mwandishi kwa jicho la pembeni.

"Nani kakutuma?" anauliza. "Sema ukweli. Ni wale wa ofisi ya juu?"

Anaambiwa hakuna aliyetuma mtu. Anaguna tu. Haamini.

Breki ana miaka hamsini na mmoja, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake ni kuwasukuma wagonjwa kutoka wodini hadi chumba cha upasuaji: lifti moja, kona tatu, halafu korido ndefu yenye kiyoyozi kinachopuliza kutwa nzima. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu hakuna mgonjwa aliyewahi kurushwa kwenye kona akiwa mikononi mwake. Kuhusu kipato anacheka: "Mwezi una siku thelathini, mshahara wangu una siku kumi na mbili."

Kinachomkosesha raha zaidi ni kisu chenyewe cha upasuaji.

Ilianza miaka sita iliyopita. Dada yake mkubwa alitolewa uvimbe wa saratani kwenye utumbo, madaktari wakasema kazi imekwenda vizuri. Miezi saba baadaye ugonjwa ukaonekana kwenye ini, na dada hakumaliza mwaka. Breki akakata shauri kwamba saratani ilikuwa imelala zake, watu wakaenda kuichokoza. Tangu hapo aliwahesabu wagonjwa wake kwa jicho hilo, akikumbuka kila aliyerudi wodini akiumwa tena na kuwasahau wale aliokutana nao sokoni wakiwa buheri wa afya. Akayasema hayo nyumbani, jioni baada ya jioni.

Mkewe alikuwa anasikia. Mwezi uliopita alipokutwa na saratani ya titi na kupangiwa siku ya upasuaji, aliikunja barua ya hospitali akaiweka chini ya godoro.

"Si wewe uliyesema?" anarudia sebuleni maneno aliyomwambia mumewe siku alipomsihi aende, huku akikunja nguo, bila kumjali mgeni. "Miaka yote, 'usiichokoze, usiichokoze.' Leo kwangu mimi ndo kisu kimekuwa kizuri? Una nini wewe, baba watoto?"

Siku ile Breki akaenda kutafuta jibu kwa mtu aliyemshuku kuliko wote pale hospitalini: daktari wa usingizi, mama mfupi mwenye miwani, ambaye huwapa baadhi ya wagonjwa vidonge siku chache kabla ya upasuaji na kuandika andika kwenye makaratasi. Breki alikuwa na hakika watu wanageuzwa panya wa majaribio.

"Ni majaribio, ndiyo," daktari akamwambia. "Na kila aliyemo kaelezwa na katia sahihi. Nani alikuficha?"

Akamkalisha, akamweleza. Mwili haujui kama aliyeshika kisu ni daktari au jambazi. Ukikatwa, unapiga king'ora: homoni za hofu zinamwagika, moyo unakwenda mbio, na askari wa mwili wanaowinda seli za saratani wanalegea kwa siku kadhaa. Kama kuna seli zilizochoropoka, huenda zikapata mwanya wa kujificha na kuota kwingine. Kwa vidonge vile, watafiti wanajaribu kukituliza king'ora hicho mapema.

"Kumbe nilisema kweli!" Breki akadakia.

"Nusu tu, kaka. Uvimbe ukiachwa unatembea wenyewe, haumsubiri mtu auchokoze. Kuutoa ndiyo tiba, na wengi wanapona. Hivi vidonge ndo bado hatujui kama vitasaidia." Akavua miwani. "Lakini king'ora hakingoji kisu. Hofu inakiwasha, baridi inakiwasha. Wagonjwa wangu wanafika mezani moyo unagonga kama wamekimbizwa. Hivi, nani anawashusha wote saa moja?"

Ni Breki na wenzake.

Wasukuma vitanda wa hospitali hiyo walikuwa na mtindo wao: kuwashusha wagonjwa wote wa siku kwa mkupuo mmoja, kabla lifti haijajaa watu, halafu kwenda kunywa chai. Wa mwisho kwenye orodha alilala koridoni hadi saa saba mchana, shuka moja, kiyoyozi juu ya kichwa, akitazama mlango ukifunguliwa na kufungwa. Ujanja huo walifundishwa na Breki.

"Dada alikuwa wa mwisho siku ile," anasema, na sauti yake imeshuka. "Aliniambia, 'Mdogo wangu, nasikia baridi, naogopa.' Nikamwambia vumilia, zamu yako inakuja. Nikaenda zangu chai." Anajifuta uso kwa blanketi la mgonjwa. "Daktari anasema hakuna anayeweza kujua kama ilichangia. Labda ini lilishaugua tangu mwanzo. Sasa sijui ndo ukweli au ananifariji. Hata yeye simwamini sana."

Inamuuma, na haoni haya kusema hivyo.

Siku hizi hamshushi mtu mpaka simu ya ukutani ilie kutoka chumba cha upasuaji, na kila mgonjwa anapata mablanketi mawili. Wenzake wamenuna, chai yao imekatwa vipande vipande. Breki anawaambia wamshtaki ofisi ya juu.

Nyumbani alimweleza mkewe yote, hata habari ya chai, ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Siku ya tatu mama huyo akaitoa barua chini ya godoro. Karatasi ya kukubali majaribio ya vidonge bado anaisoma, mara ya nne sasa, na hajatia sahihi.

Upasuaji ni Alhamisi. Mkewe ndiye wa mwisho kwenye orodha.

"Nataka akifika mlango wa upasuaji awe ananicheka," Breki anasema. "Ndo mpango wangu wote."

Mkewe anaweka chini nguo aliyokuwa akiikunja.

"Nitakwenda," anasema. "Lakini unisukume wewe. Na chai siku hiyo usinywe."