Kura ya Ċetta

Jirani wa ghorofa ya chini, hapa Sliema, hasemezani na mdogo wake Ċetta tangu wagombee kabati la marehemu mama yao. Humpigia simu mara moja tu kwa mwaka, fainali ya shindano la nyimbo la mataifa ya Ulaya inapoonyeshwa, kwa kuwa aliye Malta haruhusiwi kuipigia kura Malta, na Ċetta yuko Australia, ambayo kwa jiografia ya televisheni imo Ulaya. Huipangusa simu kwa aproni, husema, "Ipigie nchi yako kura," na kukata.

Mwaka huu mwimbaji wetu alitolewa kwenye mchujo. Jirani aliwasengenya Waswidi, akala pastizi tatu za jibini, kisha akaipangusa simu.

"Usipige kura," alisema kwa ukali. "Hatumo."

"Najua. Lakini dada, umeiona suruali ya yule Mswidi?"

Jirani akavuta kiti.