Goti Nililolificha Changamwe

Siku yangu ya kwanza kazini Changamwe, meneja wa kiwanda hakuniuliza cheti. Alinisimamisha mlangoni akaniambia niinue mkono. Kiganja kikagusa boriti.

"Utaandikwa karani wa ghala," akasema. "Lakini jioni utacheza mpira wa kikapu. Siku utakayoacha kucheza, na kazi imekwisha."

Ndivyo tulivyocheza kwa malipo zama hizo, kabla ya Uhuru. Hata chumba nilichokaa na mke wangu, Mwanaisha, kilikuwa cha kampuni.

Mwalimu wetu alikuwa fundi mkuu wa mitambo, Bwana Dragan, Mserbia aliyewahi kuchezea timu kubwa kwao Belgrade. Alitufundisha kudunda mpira bila kuutazama. Mimi alinipa kazi ya warefu, kuuwania mpira unaorudi kutoka ubaoni. Unaruka, unadaka, unatua. Jioni nzima ni hivyo, na uwanja wetu ulikuwa wa saruji.

Mwaka wa tatu nilitua vibaya. Goti likafura kama andazi. Sikumwambia mtu. Mwanaisha alikuwa na mimba ya miezi saba, nami nikawa nalifunga kitambaa alfajiri kabla hajaamka. Ghalani nilisimama kwa mguu mmoja nyuma ya meza, na kila nikisikia viatu vya meneja, nilikanyaga chini miguu yote miwili.

Wiki ya fainali, Bwana Dragan aliniita ofisini kwake, ghorofani. Nilimkuta amesimama juu ya ngazi, ananitazama ninavyopanda.

"Unaumwa?"

"Naweza kucheza, bwana."

"Sikukuuliza hivyo." Akapandisha suruali yake. Goti lilikuwa limepinda, lina kovu refu. "Na mimi nilisema naweza. Sikucheza tena."

Akalifuta jina langu kwenye orodha ya timu. Fainali tukashindwa. Jumatatu meneja akanifukuza, na chumba tukakiacha. Tulihamia Likoni kwa mama mkwe, na mtoto akazaliwa huko. Wallahi, nilimlaani Mserbia yule miezi mizima, huku goti likipona.

Uhuru ulipokaribia, meneja alirudi kwao. Bwana Dragan akavuka feri kunitafuta.

"Nami naondoka," akasema. "Timu haina mwalimu. Njoo."

Nikaenda, nikafundisha mpaka nikastaafu. Watu hunisifu kwa vikombe tulivyochukua. Wasichokijua ni kwamba kimoja tulikichukua na mchezaji wangu mrefu, Hamisi, ambaye asubuhi ya fainali nilimwona akichechemea.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Naweza kucheza, mwalimu."

Nilitaka kushinda. Nikamwacha acheze, akacheza mpaka mwisho, na hajacheza tena tangu siku hiyo.

Sasa anakaa Kiembeni. Tukikutana hunipa shikamoo kwa heshima zake zote. "Marahaba, mwanangu," mimi huitikia, kisha hutazama chini mpaka apite, nisimwone anavyotembea.