Mishipa ya Mutugi, Mkimbiaji wa Siakago

Mutugi aliketi kwenye kiti cha zahanati kama mtu anayekitua chini kiroba cha mahindi. Tangu alfajiri alikuwa shambani nje ya Siakago akichuma muguka, majani yanayotafunwa kama miraa, na kutoka huko alikuja kwa miguu kupimwa presha. Waandaaji wa mbio za Embu walikuwa wametangaza kwamba kila mkimbiaji aliyepita miaka arobaini lazima aidhinishwe na nesi kwanza. Mutugi alikuwa na arobaini na tatu. Watatu wa kwanza wangeingia timu ya kaunti, na kwa miaka yote aliyokimbia, Mutugi hakuwahi kuvaa jezi ya timu yoyote.

Nesi Gatwiri alimfunga mkanda mkononi, akatazama mashine, akaufungua, akasubiri, kisha akamfunga tena.

"Baba Lorna, presha yako iko juu."

"Haiwezekani. Mimi nakimbia kila siku."

"Nimepima mara mbili."

"Pima tena. Mashine nazo huchoka."

Gatwiri hakucheka. "Umetafuna leo?"

"Kidogo tu."

"Kidogo ni kiasi gani?"

Mutugi akaligusa shavu lake, ambalo bado lilikuwa limevimba. "Ni haya yaliyobaki."

Kosa lake halikuwa la ujinga. Zamani kocha mmoja alimweleza jambo la kweli: anayefanya mazoezi kwa miaka mingi, mishipa inayopeleka damu miguuni hupanuka. Damu inapopita kwa kasi husugua kuta za mishipa hiyo, nazo huzoea kulegea na kuipisha. Mutugi alilipenda somo hilo, akaliongezea lake: kwamba mtu mwenye mishipa iliyofunguka hadhuriwi na kitu. Na kwa kuwa wachumaji wote hutafuna wakiwa kazini, naye alitafuna, kisha akapanda mlima mbio na majani yaleyale shavuni. Yalimwondolea uchovu. Aliyahesabu kuwa sehemu ya mazoezi.

"Mazoezi yanafungua mishipa," Gatwiri alimwambia, "muguka unaibana. Na wewe unavifanya vyote kwa wakati mmoja, mlimani. Ni kama dereva anayekanyaga mafuta na breki pamoja. Acha kutafuna, urudi kabla ya mbio. Ikishuka nitakupitisha. Isiposhuka hukimbii, na tutaanza mambo ya dawa."

Kesho yake shambani, Murithi, mchumaji mwenzake, aliona shavu lililonywea.

"Pasta amefika. Umeokoka lini?"

"Sijaokoka. Nimepumzisha mdomo."

"Naona na mikono imepumzika. Hilo gunia lako utalijaza Krismasi?"

Uchovu ambao majani yalikuwa yameuficha kwa miaka ulimjia wote kwa pamoja. Alisinzia akiwa amesimama kati ya mistari ya muguka. Nyumbani alilala na kijiko mkononi, githeri ikapoa mbele yake. Akiamka alikuwa mkali kwa sababu zisizojulikana, kisha akaomba msamaha, kisha akalala tena. Mkewe, Cicily, alimtazama hivyo kwa siku kadhaa.

"Sikujua naishi na mtu aliyechoka hivi," alisema hatimaye.

"Hata mimi sikujua."

"Basi acha kukimbia jioni. Kimbia asubuhi kidogo tu, jioni ulale."

Alikubali, kwa kuwa kubishana nako kulichosha.

Asubuhi moja yenye baridi, miguu ilipokataa kabisa, Murithi alimnyooshea majani machanga na njugu chache za kutafunia. Safari hii hakuwa akitania. "Tafuna haya tu yakufungue macho. Nesi hayuko hapa."

Mutugi aliyapokea. Aliyashika kwa muda mrefu akiwa hana hata uhakika kwamba anaitaka ile jezi tena. Mwishowe akayatia ndani ya gunia pamoja na mengine, akaendelea kuchuma polepole.

Aliporudi zahanati, Gatwiri alipima mara mbili kama kawaida yake.

"Imeshuka. Nakupitisha."

"Kwa hivyo mishipa yangu ni mizima?"

"Leo ni mizima. Mbio zimekusaidia sana, Baba Lorna. Lakini hazikukupa ruhusa ya kila kitu."

Siku ya mbio za Embu, Mutugi alianza vizuri. Kwenye mwinuko wa mwisho mapaja yalimwambia wazi kwamba yamefika mwisho. Zamani asingeyasikia. Sasa aliyasikia, akapunguza mwendo, na wanaume wawili wakampita bila kumtazama. Alimaliza wa tano.

Cicily alimpa maji. Alikuwa amewahesabu mwenyewe waliomtangulia.

"Jezi imekwenda," Mutugi alisema.

"Nimeona. Unaumwa?"

"Siumwi. Nimechoka."

Alijinyoosha kwenye nyasi kando ya uwanja na kuvua viatu. Kipaza sauti kilianza kutaja majina ya timu. Kabla jina la pili halijasomwa, Mutugi alikuwa amelala, na Cicily akasogea upande wa jua ili kivuli chake kimfunike mumewe usoni.