Chumba cha Chini Kinachotazama Bukavu

Saa moja asubuhi, Thacienne Mukeshimana amepiga magoti ndani ya mtaro mwembamba, mlima mgongoni, ukuta usoni, anapaka lami ya moto. Ni Novemba 1999, na hapa Mururu, upande wa Rwanda mpakani na Kongo, mvua imeshika kweli kweli.

Nyumba hizi za wasio na makao zimepandana ngazi tatu kwenye mteremko. Ukuta wa nyuma wa ngazi ya chini umezikwa mlimani. Thacienne hulipwa faranga mia saba kwa siku kuyazuia maji ya mlima yasipenye.

Vyumba vya chini havitakiwi na mtu. Yeye alikiomba kimoja, tena kwa kung'ang'ania.

"Ya juu inaangalia barabara. Ya chini inaangalia kilalo," anasema, akionyesha daraja la kwenda Kongo. "Bwana yangu Gratien alibakia Bukavu. Eko na kifua mubaya. Akirudia akute ukuta inalia maji, nitamwambia nini?"

Vita vya 1996 vilipoingia Bukavu, mji aliozaliwa, Thacienne alivuka daraja hilo na binti yake. Gratien aligeuka njiani, akarudi nyumbani kuchukua dawa yake ya pumu. Mwaka wa tatu huu, hakuna aliyemwona, na hilo linamla Thacienne kila siku.

Leo ana jingine. Wiki iliyopita, kabla ya ukuta huu wa jirani, ukuta wa chumba chake ulipakwa lami mkono mmoja tu badala ya miwili, udongo ukarudishwa mtaroni. Jana alipaka majivu makavu ukutani kwa ndani, kama afanyavyo kila mara: panapopitisha maji, majivu hulowa yakawa meusi. Alfajiri alikuta pembe moja nyeusi, upana wa kiganja.

Aliyeamuru udongo urudishwe ni msimamizi, Protais.

"Maman, mulima ingetuzika siye bote mu ule mutaro," anajitetea, macho chini. "Kamata chumba ya juu, iko kavu."

"Hapana, Papa Protais. Nitafukua."

Ni meta mbili za udongo mbichi, na mafundi wote wanauogopa. Jumapili, baada ya misa, atashuka na jembe lake, aifikie pembe ile, aikaushe kwa makaa, kisha apake mkono wa pili.

Na Gratien asiporudi? anauliza Protais.

Thacienne anachovya brashi, anapaka pale pale alipokwisha kupaka.

"Ile kona," anasema, "ikauke kwanza."