Petroli ya Jumapili

Enyi wa rika langu mliokulia Nakuru miguu mitupu, hebu niambieni, kuna kijana wa siku hizi anayejua kungoja? Juzi mjukuu wangu alinichukua kwa gari lake kutoka Kiamunyi. Mtoto anakanyaga mafuta kama anayefukuzwa na nyuki! Anaruka malori, akifika nyuma ya trela anafunga breki mpaka mimi nashika kiti kwa mikono miwili. Nikamwambia apunguze mwendo, angalau atabakisha mafuta. Akacheka. "Shosho, tulia, tutajaza mengine." Ati mengine! Sisi tulikuwa tunayatoa wapi hayo mengine?

Nakumbuka miaka ya hamsini tulipokuwa wadogo. Tuliishi mtaa wa Bondeni, chumba kimoja, mimi, ndugu yangu mdogo Wanjala, Baba, na Shangazi aliyetoka nyumbani upande wa magharibi kuja kutulea. Mama hakuwa nasi. Alikuwa yaya kwa Mzungu mwenye shamba kule Molo, na Mzungu huyo hakutaka kuona mtoto wa mfanyakazi karibu na nyumba yake. Kwa hivyo Mama aliogesha watoto wa wenyewe wiki nzima, sisi tukiogeshwa na Shangazi, ambaye mkono wake ulikuwa mzito, Mungu amrehemu. Mshahara wa Mama ndio uliotuweka shuleni, na hakuna aliyetuuliza kama tungependa kubadilishana.

Baba aliendesha lori la Mzee Salim, Mwislamu wa mjini ambaye wazazi wake walitoka Pwani. Kila Jumatatu Mzee alimpimia Baba petroli ya wiki nzima. Lori lilipeleka sukari na unga madukani huko Gilgil na Naivasha, na kurudi na kabichi. Walikuwa na mapatano yao. "Bwana Wafula," Mzee alimwambia, "mafuta yakikwisha kabla ya Jumamosi, hilo ni lako na Mungu wako. Yakibaki, Jumapili chukua gari, wapeleke watoto wakamwone mama yao."

Basi Baba akawa mtu wa polepole. Sijaona dereva mwingine wa namna ile. Aliuweka mguu juu ya petroli kama anayeogopa kuiamsha. Aliona kilima kutoka mbali na kuliongezea lori mwendo kabla halijaanza kupanda, na alichukia kufunga breki, maana alisema kila ukifunga breki unamwaga mafuta uliyokwisha kuyachoma. Madereva wengine walimpita wakimfunika kwa vumbi na kupiga kelele, "We Kinyonga! Hizo kabichi zitaota mizizi!" Jina likashika mji mzima. Shuleni tuliitwa watoto wa Kinyonga, na mimi nilipigana na wavulana kwa sababu hiyo, tena nikawashinda.

Jumamosi jioni tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, nje ya nyumba, lakini masikio yalikuwa barabarani. Lori likisimama tu, mchezo umekufa. Baba alichukua kijiti chake, akakitumbukiza ndani ya tangi, akakitoa, na sote tukakodoa macho kuona kimelowa mpaka wapi. Nilipenda harufu ile ya petroli kuliko harufu ya chapati, na mnajua chapati ilikuwa nini siku zile! Kijiti kikilowa vizuri, Shangazi alianza kukanda mandazi ya kumpelekea Mama na kutusugua visigino kwa jiwe. Kikitoka kikavu, Wanjala alijifunika blanketi gubigubi na kulia humo ndani.

Na hata hiyo Jumapili tuliyoingoja wiki nzima, Baba hakuongeza mwendo! Tulipita Njoro na Elburgon tukipitwa na kila kitu. Baridi inaingia, moshi wa magogo unanukia, mashamba ya pareto ni meupe kwa maua pande zote, na roho yangu iko mbele ya lori. "Baba, endesha!" nilimsihi. Alijibu bila kugeuka, "Tukikimbia leo, Jumapili ijayo hatuji." Nilikuwa namtaka Mama wa leo na wa Jumapili ijayo pia.

Tulikaa naye nje ya ua, chini ya miti ya mikaratusi. Alitulisha viazi vya kuchoma, akatukagua masikio na kucha, akaniuliza nimefanyaje shuleni. Alinukia sabuni ya nyumba ile, na mimi nilijisugua kwake makusudi ili niende na harufu hiyo Bondeni.

Sasa kuna mvua moja ilinyesha hadi barabara za Bahati zikawa uji. Lori lilikuwa limeenda huko kuchukua viazi, likakwama, likanguruma mchana kutwa. Ndivyo ilivyokuwa wiki baada ya wiki, na Mama hatukumwona. Jumamosi moja kijiti kikalowa kidogo tu kwenye ncha. Baba alikipima tena. Akamtazama Wanjala, akasema, "Yatatosha. Tutaenda taratibu zaidi."

Tulifika. Lakini saa ya kuondoka Wanjala alimng'ang'ania Mama shingoni, akakataa katakata. Mama akamkalisha kwenye lori kwa nguvu, akafunga mlango, akamshika mkono dirishani. Baba akawasha, akatia gia ya kwanza. Kwa kawaida Mama alituachia langoni. Siku hiyo hakuachia. Alitembea kando ya lori, mkono wa Wanjala ndani ya mkono wake, akimwambia awe anamaliza chakula, asipigane, amsikilize Shangazi. Lori lilinguruma na Baba hakubadilisha gia. Macho yake yalikuwa mbele tu. Tulitoka langoni, tukapita ua wa ng'ombe, tukafuata ile njia ndefu ya shamba hivyo hivyo, kwa mwendo wa miguu ya Mama, mpaka barabarani. Hapo ndipo alipomwachia.

Aliyewahi kuendesha anajua. Lori likienda kwa gia ya kwanza linakunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Baba alijua hilo kuliko mtu yeyote Nakuru.

Tulipovuka Njoro lori lilikohoa, likasimama. Baba alimwomba mlinzi wa shamba la karibu alitazame, akambeba Wanjala mgongoni, tukaanza kutembea kuelekea mjini. Miguu iliniuma na nilikuwa na hasira. "Si ulisema tukienda polepole yatatosha?"

"Nilijua yataisha," Baba alisema. "Lakini mama yenu alikuwa bado anatembea."

Siku hizi lami ni laini mpaka Molo, vituo vya mafuta viko kila kona, na safari yenyewe inaisha kabla hujamaliza kuzungumza. Watoto wanampigia mama simu wakiwa wanakimbia, wanakata, wanasahau. Mimi Mama sina tena, na Baba alimfuata. Nawakumbuka jamani, nawakumbuka sana. Ningepewa Jumapili ile tena, ningemjazia Baba tangi mpaka limwagike, nimwambie atie gia ya kwanza, na tusifike barabarani.